Jinsi ya kusoma wasifu wa mkubwa wa China, kwa sisi wa Bagamoyo tunaosubiri bandari

Wadogo zangu na wakubwa zangu, naandika hii kwa sababu maswali yamekuwa mengi pale Dunda tunapokunywa kahawa. Kila ikitoka habari kwamba mkubwa flani wa China anakuja Afrika au kasema neno, basi jioni hiyo ni bandari tu mpaka kashata ziishe, mmoja anasoma simu kwa sauti, mwingine anapiga hesabu ya kiwanja chake, na hakuna anayeuliza huyu mtu mwenyewe ni nani, katoka wapi, na neno lake linafika wapi.

Na mi lina mahali linaponiuma. Machi 2013 baba yangu mdogo alikuwa na shamba upande wa Mlingotini, mihogo na minazi, na alikuwa kashaandaa miche ya minazi kama arobaini hivi. Aliposikia rais wa China kafika Dar na mkataba wa bandari ya Bagamoyo umesainiwa mbele yake akasema basi, mwakani tunahama, napanda ya nini? Miche ikakaukia kivulini. Mnazi mrefu unachukua miaka sita mpaka nane kuanza kuzaa, sasa hesabu mwenyewe toka 2013 tungekuwa tumeangua nazi mara ngapi. Baba mdogo sio mjinga, hakuwa na namna ya kuisoma ile habari tu, kama ambavyo wengi wetu hatukuwa nayo.

Kwahiyo chukua daftari la mistari, kalamu na bando kidogo. Ntatumia wasifu wa Xi Jinping kama mfano maana ndo aliyekuja mwaka ule, ukishauelewa huo unaweza kumsoma mwingine yeyote.

Anza na jina, hili ni fupi. Wachina wanatanguliza jina la ukoo, kwahiyo Xi ndo ukoo na Jinping ndo jina lake, usiandike "Bwana Jinping", ni Bwana Xi, na hiyo X itamke karibu na "sh". Q ni "ch", kwahiyo Qin inasomeka "Chin". Zhou ni kama "Jou". Na mwanamke wa Kichina akiolewa anabaki na jina la kwao, ndo maana mke wa Xi anaitwa Peng Liyuan, alikuja nae Dar 2013, ni mwimbaji wa jeshi mwenye cheo cha meja jenerali. Watu wengi walimjua kabla hawajamjua mumewe.

Sasa piga mistari upate safu tano: mwaka, mahali, cheo cha chama, cheo cha serikali, bosi wake. Hizo safu mbili za vyeo naomba usizichanganye hata kidogo maana hapa ndo sisi Watanzania tunapotea. Kwetu tumezoea kwamba mwenyekiti wa CCM ndo juu na katibu mkuu ni mtendaji wake. China ni kinyume, cheo cha mwenyekiti wa chama walikifuta 1982, toka hapo katibu mkuu ndo mkubwa wa wote. Na mkoani vilevile, wana gavana lakini juu yake yupo katibu wa chama wa mkoa, sawa na useme hapa kwetu Pwani katibu wa CCM mkoa ndo anamwita mkuu wa mkoa ofisini na kumpa maelekezo. Ukilishika hilo umeshashika nusu ya kazi.

Mkubwa kabisa anakalia viti vitatu kwa mpigo: katibu mkuu wa Chama cha Kikomunisti, mwenyekiti wa Tume Kuu ya Kijeshi, na rais wa nchi. Hicho cha tatu ndo tunachokitaja sisi kila siku na ndo chepesi kuliko vyote. Angalia tarehe. Xi kawa katibu mkuu 15 Novemba 2012, siku hiyohiyo akapewa na jeshi la chama. Urais kaupata 14 Machi 2013. Dar katua 24 Machi 2013, yaani siku kumi tu toka awe rais, na sisi ndo tulikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kwenye safari yake ya kwanza akiwa rais, alitokea Urusi. Aliyesoma safu ya serikali peke yake aliona mgeni wa siku kumi kazini, kumbe safu ya chama inakwambia alishakaa kwenye usukani miezi minne.

Mfano mwingine wa hilohilo. Machi 2018 bunge lao lilibadili katiba kuondoa ukomo wa vipindi viwili vya urais, kura 2,958 za ndio na 2 za hapana, dunia nzima ikashtuka. Lakini ule ukomo ulikuwa kwenye urais tu, ukatibu mkuu haukuwahi kuandikiwa ukomo wa vipindi.

Ukishachora safu, jaza kuanzia utotoni, usirukie kwenye ukubwa. Xi kazaliwa Beijing 15 Juni 1953, baba yake Xi Zhongxun alikuwa mpigania mapinduzi wa zamani na naibu waziri mkuu. Mwaka 1962 baba akaangushwa, mtoto ana miaka tisa. Mwaka 1969, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ule msukosuko wa kisiasa aliouanzisha Mao, kijana akapelekwa kijijini Liangjiahe mkoa wa Shaanxi pamoja na vijana wengi wa mjini waliokuwa wanapelekwa vijijini, akakaa miaka saba kwenye nyumba za kuchimbwa mlimani, kalima, kabeba mbolea, kachimba shimo la gesi ya kinyesi. Kuingia chama alikataliwa mara nyingi kwa sababu ya baba yake, akakubaliwa Januari 1974, kisha akawa katibu wa chama wa kijiji. Andika hiyo kwa wino mzito, chama kilichomwangusha baba yake ndo yeye aligonga mlango wake mpaka ukafunguliwa. Unaweza kuielewa unavyotaka, mi naielewa kwamba ni mtu anayejua nguvu inakaa wapi na aliijua mapema kwa maumivu.

Kwenye elimu, tazama mwaka, chuo kije baadae. Kaingia Chuo Kikuu cha Tsinghua 1975 kusoma uhandisi wa kemikali, na mwaka huo China walikuwa hawana mtihani wa kuingia chuo, vijana walipendekezwa kutoka vijijini, viwandani na jeshini. Mtihani ulirudi 1977. Halafu ukiona shahada ya udaktari wa sheria aliyosoma 1998 mpaka 2002, geuza macho kwenye safu ya kazi, miaka hiyohiyo alikuwa Fujian akiongoza mkoa, kwahiyo ni masomo ya kazini.

Safu ya bosi watu wengi wanaiacha tupu, wakati kwangu ndo tamu kuliko zote. Toka 1979 hadi 1982 Xi alikuwa karani wa Geng Biao, mwanajeshi mkongwe, katibu mkuu wa Tume Kuu ya Kijeshi aliyekuja kuwa waziri wa ulinzi. Huko ndo alikojenga mazoea na jeshi. Kisha akaomba kwenda chini, wilaya ya Zhengding mkoa wa Hebei, 1982 mpaka 1985.

Alafu sasa jaza mikoa, na hapa nenda taratibu. Xiamen 1985 naibu meya. Ningde 1988, sehemu maskini ya Fujian. Fuzhou 1990 katibu wa chama wa jiji. Fujian gavana kuanzia 1999 akikaimu, 2000 rasmi. Zhejiang 2002 mpaka 2007, katibu wa chama wa mkoa. Shanghai 2007, miezi saba tu kama katibu wa chama, akitumwa baada ya katibu wa kabla yake kuanguka kwa rushwa. Oktoba 2007 kaingia Kamati ya Kudumu ya Ofisi ya Siasa, wale watu wachache wa juu kabisa. Ukiweka kidole kwenye ramani utaona toka 1985 mpaka 2007 mtu huyu hakutoka pwani. Miaka 22 ya bandari, viwanda na wafanyabiashara wa nje, na kote alikuwa anaangalia bahari kama sisi.

Na hapa ndo nataka mkae vizuri, maana mi mwenyewe nilipoiona niliamka kitandani. Rudi kwa baba yake. Xi Zhongxun aliporudishiwa heshima 1978 alipelekwa Guangdong, akawa mkubwa wa chama wa mkoa mpaka 1980. Wakati yuko pale ndo China ikaanzisha kanda maalum za kiuchumi, yaani maeneo yaliyofunguliwa kwa wawekezaji wa nje kwa masharti nafuu: Shenzhen, Zhuhai na Shantou kwenye mkoa wake, na ya nne Xiamen kule Fujian. Kwahiyo baba kasukuma kanda hizo, na mtoto kaenda 1985 kuwa naibu meya wa mojawapo. Bado haijaisha. Pale Shenzhen kuna sehemu inaitwa Shekou, ilianza kuendelezwa 1979 na kampuni ya serikali inayoitwa China Merchants, wakaanza na gati na viwanda, mji ukafuata. Unalikumbuka hilo jina? Ni kampuni hiyohiyo iliyoingia mazungumzo ya bandari ya Bagamoyo, na ndo maana mpango wa kwetu haukuwa gati peke yake, ulikuwa bandari na kanda maalum ya viwanda nyuma yake. Waliokuwa wanashangaa kwanini bandari inataka eka zote zile, jibu liko Shekou.

Mi sisemi kwamba rais wa China alikaa akawaza "hii Bagamoyo ni kama kazi ya baba". Hilo sijui na wewe usiliandike. Ninachosema ukisoma wasifu kwa safu unaona watu, mahali na makampuni yanavyorudi tena na tena, na ukiambiwa kuna mradi unajua umechorwa kwa mfano gani.

Baada ya hapo weka ngazi pembeni ya ukurasa ili ujue mtu yuko kidato gani. Mkutano mkuu wa chama ni kila miaka mitano. Ule wa 2022 ulichagua Kamati Kuu ya wajumbe kamili 205 na wajumbe mbadala 171, ndani yake Ofisi ya Siasa watu 24, ndani yake Kamati ya Kudumu watu 7. Hao saba ndo nchi. Tafuta mtu wako kaingia kila ngazi mwaka gani na karuka ipi. Xi 1997 alikuwa mjumbe mbadala na kwenye orodha ya wajumbe mbadala 151 alikuwa wa mwisho kwa kura. Miaka kumi baadae kawa kwenye Kamati ya Kudumu, kapita juu ya Ofisi ya Siasa bila kukaa kwanza kama mjumbe wa kawaida. Ukiona mruko kama huo jua kuna wakubwa wamekubaliana, na huo makubaliano hutauona umeandikwa kwenye wasifu rasmi.

Kisha geuza swali la bosi: nani alifanya kazi chini yake? Wakati Xi yuko Zhejiang, mkuu wa ofisi ya kamati ya chama ya mkoa toka 2004 alikuwa Li Qiang. Leo Li Qiang ni waziri mkuu, toka Machi 2023. Cai Qi kafanya kazi Fujian na Zhejiang. Ding Xuexiang alikuwa kwenye ofisi ya chama Shanghai ile miezi saba. Wote watatu wako kwenye wale saba. Hii kwetu haihitaji maelezo marefu, nahodha akipata jahazi kubwa anaita mabaharia aliovuka nao kusi na kaskazi.

Umri pia uandike. Kulikuwa na kawaida isiyoandikwa popote, kwamba mkutano mkuu ukifika mwenye miaka 67 anaweza kubaki na mwenye 68 anapumzika. Ukiona imevunjwa kwa mtu, huyo anahitajika sana. Mwaka 2022 ilivunjwa kwa Xi mwenyewe akiwa na 69.

Ikavunjwa pia kwa Wang Yi, na huyu nampendekeza awe zoezi lako la kwanza maana mnamjua, ndo aliyekuja Chato Januari 2021 akakutana na hayati Magufuli, ukasainiwa mkataba wa reli ya SGR kipande cha Mwanza–Isaka kilomita 341. Kazaliwa Beijing Oktoba 1953. Nae alipelekwa mashambani, kaskazini mashariki Heilongjiang, karibu miaka nane. Akasoma Kijapani, akaingia wizara ya mambo ya nje 1982, akawa balozi Japan 2004 mpaka 2007, akashika ofisi ya masuala ya Taiwan, akawa waziri wa mambo ya nje 2013. Sasa swali la mtihani. Mwisho wa Desemba 2022 uwaziri kapewa Qin Gang, je Wang Yi kashuka? Ukiangalia safu ya serikali utasema kashuka. Angalia safu ya chama: Oktoba 2022 kaingia Ofisi ya Siasa, na anaongoza ofisi ya chama ya mambo ya nje, kwahiyo waziri mpya alikuwa chini yake. Julai 2023 Qin Gang akaondolewa baada ya mwezi mzima wa kutoonekana hadharani na Wang Yi akarudi uwaziri huku cheo cha chama anacho. Ukilijibu hili bila kuangalia simu basi umefuzu.

Kuhusu hayo ya kutoonekana, fungua ukurasa wa nyuma wa daftari wa walioanguka. Mkubwa wa China akianguka mara nyingi anaanza kwa kukosekana kwenye mikutano aliyotakiwa kuwepo, kisha inakuja taarifa fupi ya "ukiukaji mkubwa wa nidhamu na sheria", na tume ya nidhamu ya chama ndo inamshika kabla ya mahakama. Bo Xilai, katibu wa chama wa jiji la Chongqing, alikuwa anatajwa kupanda juu kabisa, Machi 2012 akaondolewa, Septemba 2013 kifungo cha maisha. Zhou Yongkang alikuwa kwenye Kamati ya Kudumu kabisa na 2015 nae kahukumiwa maisha. Kwahiyo usimtegemee mtu mmoja eti kwa sababu alikushika mkono.

Vya kusoma: Radio China Kimataifa wanatangaza kwa Kiswahili toka 1961 na wana taarifa nyingi kwa lugha yetu, vyeo na tarehe vinaaminika pale. Ila wasifu rasmi haukwambii aliumia wapi na kwanini alihamishwa, hiyo unaitafuta kwa kulinganisha vyombo vya nchi tofauti, na kinachokubaliwa na wote ndo unakiandika kwa kalamu, kingine penseli. Mambo ya video za sauti ya kutisha na picha za moto achana nayo, ntakukuta unanijia na uzushi kwamba fulani kapinduliwa.

Sasa kazi ya mwisho ambayo ndo inamhusu baba mdogo. Chini ya wasifu andika swali: mtu huyu akisema ndio, ndio yake inakuwa nini? Wazee wetu wanamkumbuka Zhou Enlai, waziri mkuu toka 1949 mpaka alipofariki Januari 1976. Alikuja Dar Juni 1965, miezi minne baada ya Mwalimu Nyerere kwenda Beijing. Mkataba wa reli ya TAZARA, ile ya Dar kwenda Zambia, ukasainiwa 1967, ujenzi rasmi 1970, reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa 1976, kwa mkopo usio na riba kati ya serikali na serikali. Ndio ya Zhou ilikuwa oda ya serikali, mafundi wanapanda meli. Na wengine walibaki huku, makaburi yao yako Gongo la Mboto na Xi alikwenda kuyazuru 2013.

Ndio ya 2013 ilikuwa ya aina nyingine. Mkubwa alishuhudia, lakini kilichosainiwa kilikuwa ni makubaliano ya mwanzo, na anayeleta hela ni kampuni inayotaka faida yake, na masharti yake yanajadiliwa kipengele kwa kipengele. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Serikali iliyofuata ikasimamisha, 2019 Rais Magufuli akasema hadharani masharti hayakubaliki. Juni 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yafufuliwe. Katika miaka yote hiyo Xi alikuwa palepale na nguvu zake zinaongezeka, na gati halikujengwa. Kwahiyo ukisikia mkubwa anakuja, fanya hatua zote za juu, kisha tafuta karatasi: ni makubaliano ya awali au mkataba kamili, ni serikali au kampuni, hela ni mkopo au mtaji, na lipo jina la kijiji chako au halipo. Kama karatasi ni ya awali, endelea kupanda. Nilimwambia hivyo baba mdogo mwaka jana, akaenda kutafuta mbegu ya minazi mifupi maana hiyo haichelewi, na ile ya kwanza imeshachipua vizuri.

Mkutano mkuu wa chama chao unaofuata ni 2027. Acha kurasa mbili wazi, siku wakitoka kwenye jukwaa wale wa Kamati ya Kudumu wanatoka kwa mstari kulingana na vyeo, andika nani kaongoza mstari, nani kafuata, nani hayupo na alikuwepo 2022. Kisha njoo na daftari Dunda tulinganishe.